Saa Moja na Dakika Tano

Kwa barabara ni kilomita mia sita na kumi, saa tisa za basi kama dereva hashindani na mwenzake na tairi halina kinyongo. Kwa ndege ni saa moja na dakika tano. Mama Ndege alizijua hesabu hizo mbili kama anavyolijua jina la mtoto wake. Asubuhi simu ilipolia, saa kumi na mbili na nusu, alikuwa amepiga magoti anafunga kamba za viatu vya kazi, na hesabu hizo ndizo zilizomjia kichwani kabla hata ya machozi.

"Dada," sauti ya mdogo wake ilisema kutoka mji wa pili. "Mama ameanguka. Upande mmoja haunyanyuki. Tuko hospitali tangu alfajiri. Daktari anasema kama kuna aliye mbali, aitwe."

"Anaongea?"

"Kidogo kidogo. Anakutaja wewe tu. Nimemwambia usijali, mama, dada ni mtu wa ndege, saa nne yuko hapa." Akaongeza, kama mtu anayeomba kitu ambacho tayari kimo mkononi mwake. "Ile ya saa tatu si ipo?"

"Ipo."

"Basi panda hiyo. Manesi nimeshawaambia. Wamesema watakuruhusu uingie hata kama si saa ya kuona wagonjwa."

"Nakuja," alisema, na simu ikakatwa.

Mumewe, fundi viatu wa stendi ya mabasi, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai kilichoanza kupoa. Hakuhitaji kusimuliwa, nyumba yenyewe ni vyumba viwili, na simu ya mkewe ina sauti ya kusikika mpaka kwa jirani.

"Basi la saa moja na nusu lina nafasi," alisema. "Kondakta wake juzi nimemshonea viatu. Atakupa kiti cha mbele. Saa kumi na nusu jioni umeshafika."

"Saa kumi na nusu jioni, baba watoto! Na ndege ya saa tatu, saa nne na dakika tano imeshatua."

"Itatua, sikatai. Na wewe utakuwa wapi?"

Alivuta kamba ya kiatu cha pili. Binti yao, aliyekuwa akivaa sare ya shule nyuma ya pazia, alitoa kichwa. "Mama, si umwambie tu mjomba ukweli?"

"Leo? Bibi yako kalala vile, mimi nianze kuungama kwenye simu? Kila jambo na siku yake."

Ukweli wenyewe ulikuwa mdogo, na udogo wake ndio uliokuwa unaua. Mama Ndege hakuwa mhudumu wa ndege. Alikuwa msafishaji wa ndege, mwajiriwa wa kampuni ya usafi iliyopewa kazi na uwanja, na kwa miaka kumi na moja alikuwa ameingia ndani ya ndege mara nyingi kuliko marubani wengi bila kunyanyuliwa juu ya ardhi hata shubiri moja. Mwaka wa kwanza mwenzake alimpiga picha amesimama juu ya ngazi, mlangoni mwa ndege, anacheka, ufagio wake ukiwa umebaki nje ya picha. Akaituma kwa mama yake. Mama akaipeleka kwa mpiga chapa, akaitia fremu, akaitundika sebuleni, akawaambia majirani mwanangu anaruka. Siku Mama Ndege alipopata habari hizo, mtaa mzima ulikuwa umeshampongeza mama yake, na mama mwenyewe alikuwa ameanza kutoka uani kila ndege inapopita na kuipungia mkono.

Ungekuwa wewe, ungesema nini? Yeye alicheka, akaahirisha. Mara mbili alizokwenda nyumbani alikwenda kwa basi, akashukia kituo kimoja kabla ya mji, akanawa uso kwenye bomba la kituo cha mafuta, akakodi pikipiki na kuingia nyumbani kwao kama mtu aliyetoka mawinguni sasa hivi. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mama Ndege ilikuwa imefika mwaka wa kumi na moja, na alikuwa bado anaikanyaga.

"Kawia ufike, mke wangu," mumewe alisema, akimpa mfuko wenye nguo mbili na kitambaa.

"Na nikikawia nikute amekwenda?"

Fundi viatu aliitazama chai yake. Saa moja na nusu basi lilitoka stendi na kiti kimoja cha mbele kitupu, naye alikuwa pale pale kando ya lango, akipiga misumari soli ya mtu, akalitazama mpaka likapinda kona.

*

Kulikuwa na njia, na hakuwa ameibuni. Miaka miwili nyuma aliokota hereni ya dhahabu chini ya kiti cha safu ya saba, akamsaka mwenyewe na kumrudishia. Mwenyewe alikuwa mhudumu wa ndege, wa kweli huyo, mwenye kofia ndogo na kijisanduku cha magurudumu. Alimkumbatia mbele ya watu akamwambia, "Siku ukiwa na shida, nitafute." Maneno kama hayo watu huyasema wakiwa na furaha, na wenye akili hawayadai. Lakini shida haina adabu. Saa mbili kasorobo Mama Ndege alimngojea nje ya mlango wa wafanyakazi, na alipomwona alimweleza kwa maneno machache kadiri alivyoweza.

"Pole sana, dada," mhudumu alisema, akitazama saa yake. "Kuna tiketi ya ndugu. Kila mfanyakazi anapewa chache kwa mwaka, bei yake ni kidogo tu. Lakini unapanda kama kiti kimebaki. Kikikosekana unangoja nyingine."

"Nitangoja."

"Na lazima uwe ndugu." Alifungua karatasi juu ya kijisanduku chake. "Nikuandike nani wangu?"

"Andika shangazi."

Waliangaliana. Mhudumu alikuwa mrefu, mweupe wa uso, ananukia sabuni ya maua. Mama Ndege alikuwa mfupi, na tangu asubuhi alikuwa ananuka dawa ya choo iliyokaa kwenye nguo zake za kazi. Mhudumu akaandika shangazi.

Karani wa kaunta aliisoma ile karatasi mara mbili. "Wewe ni shangazi yake?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Upande gani?"

"Wa baba," alisema, na kijana mmoja kwenye foleni nyuma yake akakohoa kuficha kicheko. Karani naye hakutaka ugomvi na mtu mwenye kofia ndogo. Alimwandika namba tatu kwenye orodha ya kusubiri, akamwonyesha benchi. Bei ya tiketi kamili ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya benchi hilo hilo: mishahara yake mitatu na kitu juu. Akaipa mgongo, akakaa.

Msimamizi wa zamu alikuwa amempa ruhusa ya kutokuwepo, au tuseme alikuwa hajamkatalia. Msimamizi huyo waliyemwita Bwana Dakika hutembea na saa ya kubonyeza shingoni, kwa sababu ndege ikitua, wasafishaji wana dakika ishirini na mbili, na ya ishirini na tatu inakatwa kwenye malipo ya kampuni. "Nenda," alimwambia, "lakini kama mtu akikosekana nitakutafuta." Kwa Bwana Dakika hiyo ilikuwa huruma.

Ndege ya saa tatu ilijaa. Saa tatu kasoro dakika kumi lilikuja kundi la watu wa semina, wamevaa fulana za rangi moja, wakapita wakicheka na vikombe vya kahawa mikononi. Karani akafunga daftari.

"Shangazi, imejaa. Jaribu ya saa saba."

Simu ikatetemeka. Mdogo wake: *Umeshapanda?*

Mama Ndege aliitazama ile meseji mpaka taa ya simu ikazima, akaiwasha tena. Kidole chake kiliandika kabla hajakipa ruhusa: *Nimebadilishiwa safari, wamenipeleka mji mwingine kwanza. Nikirudi naunganisha moja kwa moja kuja huko. Mwambie mama niko njiani.*

Jibu lilikuja haraka. *Sawa dada. Kazi ni kazi. Nitamwambia uko angani.*

*

Saa nne na nusu mumewe alipiga. Nyuma yake zilisikika honi na wapiga debe.

"Umepanda?"

"Imejaa. Napanda ya saa saba."

"Kuna basi la saa tano. Sikia, nimeshaongea nao. Watakungoja dakika tano, kumi. Chukua pikipiki sasa hivi."

Alihesabu. Basi la saa tano, ongeza saa tisa, ni saa mbili usiku. Ndege ya saa saba, ongeza saa moja na dakika tano, ni saa nane mchana. Saa sita nzima kati yao! Asubuhi ndege ililishinda basi kwa saa sita na kidogo, na sasa inalishinda tena. Kila alipopiga hesabu, ndege ilishinda. Hakuna mahali kwenye hesabu hiyo palipokuwa na nafasi ya kuandika benchi.

"Baba watoto, hili la saa tano linafika saa mbili usiku."

"Lakini linafika."

"Niache," alisema, kwa sauti aliyoitumia mara chache sana katika ndoa yao. "Wewe kila kitu chako basi, basi. Mama yangu hana saa tisa."

 Mumewe akauliza, "Umekula?" Alimjibu amekula, na hakuwa amekula.

Saa sita mchana Bwana Dakika alimkuta pale kwenye benchi. Hakumsalimu. "Wawili hawajaja. Ya saa saba imetua, nina watu watatu kwa viti sabini. Inuka."

"Bosi, mama yangu..."

"Najua. Na mimi nina mama. Ndege haina." Akaishika ile saa shingoni. "Dakika ishirini na mbili tu, halafu urudi kwenye benchi lako. Usipokuja, kesho usije pia."

Akavaa koti la kazi juu ya nguo zake, akapanda ngazi.

Ilikuwa ndege ile ile iliyomwacha asubuhi. Aliijua: mlango wa choo cha nyuma unaokwama, kiti cha safu ya tisa kilichochanwa na mtoto, harufu ya kahawa na ya watu waliolala midomo wazi. Alianza nyuma kama kawaida, akakusanya vikombe, akapangusa meza ndogo za kukunja, akatoa taka kwenye mifuko ya viti, akapishanisha mikanda ya kila kiti iwe kama mikono iliyokunjwa kifuani. Viti sabini. Ndege hii, baada ya dakika arobaini, ingekwenda kwa mama yake. Ingetua karibu na hospitali, teksi ya robo saa tu. Na yeye alikuwa ndani yake, ameshika kitambaa, akiitengeneza iwe safi kwa ajili ya wengine.

Kwenye safu ya kumi na saba aliketi. Hakukusudia. Ikamjia kwamba akiingia choo kile kinachokwama, akajifungia, nani angejua? Wangejua wakiwa juu, na juu hawawezi kumshusha. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na sita, mke wa mtu, na alifikiri jambo hilo kwa makini kabisa, mpaka akafikiria aegemee wapi wakati wa kuruka.

"Dada mkubwa!" mwenzake alimwita kutoka mbele. "Umepata nini huko?"

"Kijiko," alisema, akainuka.

Walimaliza kwa dakika ishirini na moja. Bwana Dakika alibonyeza saa yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama Ndege alishuka ngazi, na chini abiria walikuwa wameshapanga foleni, wakampisha apite na ndoo yake, kila mmoja akirudisha nguo zake nyuma kidogo zisiguswe.

*

Kwenye kaunta kilibaki kiti kimoja. Namba moja alikuwa ameshakata tamaa akaenda zake. Namba mbili alikuwa kijana wa ofisi ya tiketi, amevaa miwani ya jua ndani ya jengo na vidude vya muziki masikioni.

Mama Ndege alimsogelea. Aibu alikuwa nayo, lakini ilikuwa imechoka kama yeye. "Mwanangu, samahani. Mama yangu ni mahututi huko. Kama ungenipisha tu kwa hii, wewe upande ya jioni..."

Kijana akatoa kidude kimoja sikioni. "Unasema?"

Akarudia yote, tangu mwanzo, kwa sauti ile ile.

"Pole sana, shangazi. Ningekusaidia, ila kuna harusi, na mimi ndiye mshika pete." Akamtazama kwa huruma ya kweli, kisha akarudisha kidude sikioni. Karani naye, bila kuinua macho, alisema sheria ni sheria: mfanyakazi halisi kwanza, ndugu baadaye. Alilitamka hilo neno ndugu taratibu, kumkumbusha Mama Ndege kwamba wote wanajua.

Mdogo wake alipiga saa nane. Mama Ndege alitoka nje ya jengo ili apokee, akasimama kwenye waya wa uzio.

"Dada, uko wapi sasa? Mama anauliza kila saa. Daktari amerudi mara mbili. Hasemi kitu, anaandika tu."

Hapo ndipo alipotaka kusema. Alikuwa ameshapanga maneno: mdogo wangu, mimi nafagia, sijawahi kuruka hata siku moja, niko hapa hapa, chini. Akafungua kinywa. Wakati huo huo ndege moja kubwa ya mizigo iliwasha mitambo nyuma ya uzio, na ardhi ikanguruma chini ya viatu vyake.

"Aah, nasikia mitambo," mdogo wake alisema, akipaza sauti. "Haya, uko kazini, sikusumbui. Nitamwambia mama nimekusikia na ndege yenyewe." Akakata.

Mama Ndege alibaki ameshika waya. Aliionea haya furaha iliyokuwa kwenye sauti ile.

Saa tisa fundi viatu alikuja mwenyewe. Alikuwa amefunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata siku aliyougua malaria. Aliketi kando yake kwenye benchi, akatoa mkate na yai la kuchemsha kwenye karatasi, akalimenya yai na kuvigawa.  Kiatu cha kushoto cha Mama Ndege kilikuwa kimeachia kidogo ubavuni, na mumewe alimvua, akatoa sindano na uzi mfukoni, akaanza kukishona mbele ya abiria wote.

"Lile la asubuhi," alisema bila kuinua kichwa, "sasa litakuwa limeshavuka daraja kubwa. Limebakiza saa moja na nusu."

"Usinihesabie!"

Watu waligeuka. Mumewe alikaza uzi, akaukata kwa meno.

"Sikuhesabii, mama watoto. Nimezoea tu. Kila siku nayaona yakiondoka." Akamvisha kiatu kama anavyovishwa mtoto. "Ukifika, mwambie mama namsalimu. Mwambie ningekuja."

Ndipo Mama Ndege alipolia, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akiwa ameinamia mkate wake. Alilia kwa sababu mumewe alikuwa sahihi tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na hakuwa amelisema hilo hata mara moja.

*

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi na tano, abiria mmoja wa ndege ya jioni, ya saa kumi na moja, hakutokea. Walimtangaza mara tatu kwa jina. Mama Ndege hakuwahi kumtakia mtu ubaya, lakini kila walipolitaja jina lile aliomba mwenyewe asisikie.

"Shangazi," karani aliita. "Kimbia."

Alikimbia. Kwenye ngazi mhudumu wa hereni alimpokea, akamtazama kifuani na mgongoni. "Vua hilo koti, dada, lishike mkononi. Abiria watadhani kuna kazi haijaisha." Akalivua, akalikunja maandishi ya mgongoni yakiwa ndani.

Kiti kilikuwa safu ya kumi na nne, upande wa njia. Mkanda aliukuta umepishanishwa vizuri na mmoja wa wenzake. Aliandika meseji kabla ya kuzima simu: *Tunaruka sasa.* Yalikuwa maneno ya kwanza ya kweli aliyomwandikia mdogo wake tangu asubuhi, na hayakujibiwa.

Sauti kwenye spika ikasema safari itachukua saa moja na dakika tano. Ndege ilikimbia, ikaacha ardhi, na tumbo la Mama Ndege likabaki chini kidogo kabla ya kumfuata. Hakuna aliyemwambia kwamba ingekuwa hivyo. Miaka kumi na moja alikuwa amekijua kila kiti, hakujua kwamba vinatetemeka. Alishika vishikio kwa mikono miwili, akaogopa sana, na akaona haya kuogopa. Jirani yake, mzee mwenye gazeti, alikula biskuti akaiingiza karatasi yake kwenye mfuko wa kiti, na mkono wa Mama Ndege ukaenda wenyewe, ukaitoa, ukaikunja.

"Asante," mzee alisema kwa mshangao.

"Si kitu," alisema. "Zinakwama huko chini."

Kupitia dirisha la mzee aliiona barabara, nyembamba, ikipinda pinda huko chini bila haraka yoyote. Alijaribu kuona kama kuna basi. Kwa urefu ule hakuna kinachoonekana. Akafumba macho na kumwambia mama yake, ndani kwa ndani, vumilia, sasa ni kweli, sasa nakuja kweli. Dakika zilikwenda haraka kuliko zote za siku hiyo. Kabla hajamaliza kuzoea, walikuwa wanashuka.

*

Huko kulikuwa na mvua. Akalivaa koti bila kufikiri, akavuka uwanja pamoja na wengine mpaka kwenye mlango wa wanaofika.

Mdogo wake alikuwa nyuma ya uzio wa chuma, unga wa mbao bado uko kwenye nywele zake. Alikuwa ametoka kwenye karakana yake ya useremala alfajiri na hakuwa amerudi. Hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anawatazama wahudumu waliokuwa wakitoka na vijisanduku vyao vya magurudumu, akichungulia chini ya kila kofia ndogo. Mama Ndege alisimama mbele yake kabisa, ikabidi amguse mkono.

"Dada?"

Macho yake yalishuka kwenye viatu, yakapanda kwenye koti la rangi ya chungwa. Mama Ndege alipoinama kuweka mfuko chini, mdogo wake alisoma mgongoni, herufi kubwa nyeusi: USAFI. Alisoma polepole, kama anayesoma barua. Mama Ndege aliinuka, na aliona kwamba ameshaelewa yote, kuanzia picha ya sebuleni mpaka meseji ya mwisho.

"Ni koti la kazi," alisema.

"Nimeliona."

"Mama?"

Mdogo wake alipangusa uso kwa kiganja. "Saa kumi na moja na robo," alisema.

Ile tabia ya kuhesabu ilimjia kwa nguvu, hakuweza kuizuia. Saa kumi na moja na robo alikuwa na dakika kumi na tano tu tangu aiache ardhi. Na basi lilifika saa kumi na nusu. Toa robo saa ya kutoka stendi mpaka hospitali. Ingekuwa nusu saa. Nusu saa nzima ya kumshika mkono, akiwa na vumbi la barabara usoni, bila kunawa popote.

"Alisema nini?"

"Twende, dada. Tutaongea nyumbani."

"Alisema nini?"

Mdogo wake aliitazama mvua. "Alikuwa anauliza. Saa nne anauliza, namwambia yuko angani. Saa sita, yuko angani. Saa nane, saa kumi, namwambia hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo ulivyoniambia." Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka tu. "Mara ya mwisho alinitazama sana. Akasema, tangu asubuhi mwanangu hajakanyaga chini? Atakuwa amechoka huyo. Akifika msimlete huku, mpelekeni nyumbani alale kwanza. Mimi atanikuta kesho."

 Watu walipita pande zote mbili wakivuta mizigo yao, wakikumbatiana, wakiulizana safari ilikuwaje.

Mdogo wake aliokota ule mfuko, akauweka begani. "Twende," alisema. "Kitanda chako alishaamrisha kitandikwe tangu saa nne asubuhi."